Kilemba cha Oringi

Waliosifiwa duniani ni wengi, na si haba kati yao hawakustahili. Tumeshasikia sifa za bwana harusi ambazo hata mama yake mzazi alizisikiliza kwa mshangao. Tumeshasikia risala ya kumuaga meneja aliyeiacha ofisi haina hata karatasi. Basi kwa kuwa mlango wa sifa hauna bawabu, naomba nimpitishe na wangu: oringi ya bunduki ya upepo, kile kipete cheusi cha mpira ambacho kazi yake yote ni kuzuia hewa isitoke. Tena simsifu yule anayezuia. Huyo anafanya kazi yake kimya kimya na hadai kitu. Namsifu anayevuja.

Bunduki ya upepo haina baruti. Ile ya springi unaikunja mtutu, pistoni inarudi nyuma na kuibana springi. Ukifyatua, pistoni inachomoka, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla na kukirusha kipande kidogo cha risasi. Ile ya kujaza ina mtungi wake chini ya mtutu, nao hujazwa kwa pampu au kompresa mpaka baa 200, mingine 300. Tairi la gari dogo lina baa 2 na ushee. Yaani mtu ameegemeza shavu lake kwenye presha mara mia ya tairi, na kinachomtenga nayo ni chuma, ambacho kila mtu anakisifu, pamoja na mpira wa bei ya andazi, ambao hakuna anayeukumbuka mpaka siku utakapovuja.

Msifiwa hakosi nasaba. Babu yake oringi ni ngozi. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi mmoja wa Tyrol, Bartholomäus Girandoni, alilitengenezea jeshi la Austria bunduki ya upepo yenye kasha la risasi zipatazo 20, na kitako chake ndicho kilichokuwa mtungi. Kukijaza kulitaka pampu ya mkono ipigwe mara kama 1,500. Askari anamaliza mikono imekufa ganzi, halafu anagundua kuwa sili za ngozi zimekauka na hewa imekwenda zake. Ngozi ilitaka unyevu daima, vitani hasa, mahali ambapo hakuna mwenye nafasi ya kubembeleza ngozi.

Bunduki ya upepo ndiyo aliyoibeba pia Meriwether Lewis mwaka 1803 alipoanza safari ya kuvuka bara la Marekani hadi Pasifiki. Tarehe 30 Agosti, siku ya kwanza kabisa ya safari, karibu na Pittsburgh, aliwaonyesha watu jinsi inavyopiga. Mmoja wao akaipokea bila kuielewa, ikafyatuka, na risasi ikamkwaruza kichwani mwanamke aliyekuwa umbali wa mita thelathini na kitu. Alianguka, wakadhani amekufa, baadaye akazinduka. Nawauliza wanaomdharau msifiwa wangu: siku ile sili zilikuwa zinavuja? Hazikuwa. Zilikuwa zimeshika vizuri kabisa.

Oringi ya mpira, kama mafundi wanavyoijua leo, imetokana na Niels Christensen, Mdenmaki aliyehamia Marekani. Aliomba hataza mwaka 1937, akaipata 1939, akiwa ameshavuka miaka 70. Ujanja wake ni huu: mpira unakaa kwenye mfereji ukiwa umebanwa kidogo tu. Hewa ikija na nguvu zake inausukuma kwenye ukingo wa mfereji, na kadiri inavyosukuma ndivyo unavyozidi kuziba. Anayekuja kuuvunja mlango ndiye anayeukaza. Ukiuelewa ujanja huo utaelewa kwa nini ukiujeruhi mpira huo kidogo tu, au ukiukwaruza mfereji wake, hakuna nguvu ya spana itakayokusaidia. Wapo wanaokaza mpaka wanavunja nyuzi za bolti, wakidhani hewa inatishika.

Sasa fadhila zake. Ya kwanza ni kwamba hufundisha kutohukumu haraka. Mtu amejaza bunduki yake sebuleni, Uingereza, kwenye nyuzijoto 20, geji ikasoma 200. Akaipeleka kwenye stoo ya nje yenye nyuzijoto 5. Asubuhi geji inasoma 190, na mwenyewe ameshaanza kufungua kisanduku cha spana. Apoe. Hewa ikipoa presha hushuka, na kwa nyuzi hizo 15 hushuka kiasi hichohicho, bila hata punje moja kutoka. Airudishe ndani, isubiri, asome tena. Oringi ameshasingiziwa mengi ambayo ni ya hali ya hewa.

Ya pili, akiwa kweli anavuja hajifichi. Maji ya sabuni yanatosha: tone moja kwenye kiungo cha geji, moja kwenye tundu la kujazia, moja mahali mtungi unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Subiri. Povu litaota lenyewe, dogo, likikua bila haraka. Ni elimu ileile ya fundi baiskeli na beseni lake, ila hapa bunduki haizamishwi. Hewa ikisikika inatokea kwenye mdomo wa mtutu, basi oringi za nje hazina kesi. Mtuhumiwa ni valvu kubwa ya ndani. Na kabla ya yote hayo hakikisha haina risasi, mtutu uelekee pasipo na mtu, wala usiweke sikio wala jicho mbele yake ili kuchunguza. Hapo ndipo watu wenye akili timamu wanapofanya mambo ya ajabu.

Ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Anayevuja ana adabu. Hewa ya baa 200 ina njia mbili za kutoka: kwa kunong'ona au kwa kupasuka. Yeye amechagua kunong'ona. Anakupa usiku mzima, wiki nzima, anakuonya kwa geji. Asiye na adabu ni binadamu, anayesikia mnong'ono huo akakimbilia kufungua bolti mtungi ukiwa umejaa. Kipande cha chuma kikichomoka hapo ni risasi nyingine, ila hii haijalengwa.

Kwa hiyo hewa hutolewa yote kwanza, kwa skrubu ya kutolea kama ipo, au kwa njia iliyoandikwa na mtengenezaji. Geji ikisoma sifuri usiipe imani yako yote, maana mshale wake nao huweza kukwama. Ukianza kufungua na nyuzi zikawa nzito kuliko kawaida, simama. Huenda ndani bado kuna hewa. Ikiwa haina njia ya kutolewa unayoielewa, mpelekee fundi wa bunduki. Sio aibu.

Ukishafungua, mtoe mheshimiwa kwa kijiti cha meno, si kwa sindano wala ncha ya bisibisi. Mlaze kwenye karatasi nyeupe, umwangalie kwa lenzi. Mara nyingi utaona upande mmoja umelala bapa kwa miaka ya kubanwa, au kidonda kidogo kama cha wembe, alichokipata siku alipopitishwa kwenye nyuzi kali bila kupakwa kitu. Pengine yeye ni mzima kabisa, na kosa ni unywele mmoja uliolala mferejini. Unywele! Presha ya baa 200 imeshindwa na kinyozi.

Mbadala wake awe na kipenyo kilekile, unene uleule na ugumu uliotajwa kwenye mwongozo, kwa kawaida 70 au 90. Apakwe grisi ya silikoni, kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Oili ya injini, WD-40 na mafuta ya cherehani yakae mbali na mtungi. Hewa ikibanwa ghafla hupata joto, na mafuta hayo yakikutana na joto hilo huwaka. Ndiyo kanuni inayoendesha injini ya dizeli. Kwenye bunduki ya springi utaona moshi na kusikia mlio usio wake, na sili ya pistoni inaungua. Kwenye mtungi uliojaa ni mlipuko. Tena mtungi hujazwa hewa kavu, kamwe si oksijeni ya hospitali au ya kuchomelea, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Wapinzani watasema bunduki hubebwa na mpigaji, si na mpira. Mwaka 2024 kule Paris dunia nzima ilimshangilia Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni, akichukua medali ya fedha kwa bastola ya upepo pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Kila mtu aliutazama ule mkono wa mfukoni. Hakuna aliyeuliza habari za oringi. Na bado kwenye bunduki ndefu za upepo, ambazo zimo Olimpiki tangu 1984, alama ya 10 ni nukta ya nusu milimita, inayopigwa kutoka mita 10. Presha ikiyumba, nukta hiyo inakuwa ya jirani.

Ipo fadhila nyingine ambayo haipati wa kuitaja. Pampu ya mkono huingiza unyevu, na unyevu huleta kutu ndani ya mtungi, mahali jicho lisipofika. Mtungi usiovuja haufunguliwi. Anayevuja ndiye anayekulazimisha uutazame, uione kutu ingali changa, na usome tarehe iliyogongwa ubavuni. Mitungi mingi ya bunduki za mashindano hupewa miaka 10 tu ya kazi. Njiwa nao wana sifa zao za kumpa, kwa kila Jumamosi ambayo mwindaji ameimaliza mezani akiwa na sabuni na lenzi.

Kasoro yake ni moja, nami siifichi: weusi wake haubadiliki. Ukishambadilisha, mkate kwa mkasi umtupe, usimrudishe kwenye kopo la oringi mpya. Wakichanganyika hakuna wa kuwatambua, na mwaka ujao atarudi kwenye nafasi yake ileile, kama mstaafu aliyeongezewa mkataba.