Picha ya Viza na Namna Inavyokataliwa

Picha ya viza ni picha ndogo ya uso ambayo hupigwa angalau mara mbili: mara ya kwanza ili ikataliwe, mara ya pili kwa masharti ya aliyeikataa. Kwa mkazi wa Mbeya, kukataliwa huko hutokea mbali na nyumbani, kwa sababu balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Hutokea pia upesi. Mhudumu wa dirishani hana haja ya kuanza na barua ya mwaliko wala taarifa ya benki. Huichukua picha, huiinamishia kwenye mwanga, kisha huirudisha chini ya kioo kwa kidole kimoja na kutamka, "Hii ina kivuli." Foleni nzima husikia, na walio karibu hurefusha shingo wakione hicho kivuli.

Kivuli kinastahili maelezo marefu. Mfano wa karibuni, ambao uchungu wake haujapoa, ni wa mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Uyole. Mwalimu huyo alipigwa picha Mwanjelwa, jijini Mbeya, katika studio yenye kitambaa cha bluu ukutani. Bluu mpauko ndiyo rangi ya nyuma iliyozoeleka kwa paspoti ya Tanzania, kwa hiyo kitambaa hicho kimepigiliwa misumari na hakishuki kwa ajili ya mtu. Mteja anayetaka nyeupe huhamishiwa ukuta wa pili, ambao uliwahi kupakwa chokaa, na doa likionekana huletwa shuka na vijana wawili wa kuishika, kila mmoja na pembe yake.

Nyuma ya mlango hutundikwa koti la studio. Ni jeusi, la kiume, na tai yake imekwisha kufungwa na kushonewa lastiki ili ivaliwe kichwani moja kwa moja. Hakuna ubalozi unaodai koti, lakini studio huamini kwamba mtu haendi Ulaya na sweta. Likimpwaya mteja hubanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Kwa mbele mwalimu alikuwa mkurugenzi. Kwa nyuma alikuwa kama kamba ya kuanikia.

"Mwalimu, nuna kidogo," mpiga picha akaelekeza. Baada ya muda akashusha kamera. "Hapo umezidisha, mama. Utadhani umefiwa."

Kununa huku kuna asili yake. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao Montreal, lina waraka namba 9303 kuhusu hati za kusafiria zinazosomeka kwa mashine, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1980. Humo uso unatakiwa utulie, macho yawe wazi na mdomo ufungwe. Mashine hulinganisha umbali kati ya macho, pua na mdomo. Anayetabasamu hupandisha mashavu, hufinya macho na kutanua mdomo, na vipimo vyote husogea. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kujua kwamba kumkodolea mgeni macho bila kutabasamu ni utovu wa adabu hutakiwa kufanya utovu huo rasmi, na kulipia.

Sasa kivuli. Flashi ya kamera hutoka karibu na lenzi, hukipiga kichwa, na kichwa hutupa kivuli ukutani. Anayeegemea ukuta hupata kivuli cheusi chenye kingo kali, kinachochungulia sikioni kama ndugu aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi. Akisogea mbele mita moja na nusu, kivuli hufifia, hushuka na kutoka nje ya fremu. Dawa ni rahisi kuliko zote, ila inahitaji chumba. Studio ya Mwanjelwa haina nafasi ya mteja, mita moja na nusu nyuma yake, na mpiga picha mbele yake, vyote kwa pamoja. Ilibidi mpiga picha arudi nyuma hadi barazani na kupiga kupitia mlangoni, huku wauza mitumba wakitoa maelekezo na bajaji zikimpigia honi apishe.

Kivuli kilipoondoka, ukuta ukageuka kijivu na uso ukawa usiku. Hapa kamera inafanya jambo la kushangaza kweli. Haijui inachokitazama. Inapima wastani wa mwanga unaoingia na kudhani kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, ni ya kijivu cha kati. Ikioneshwa ukuta mweupe mkubwa na uso mdogo mweusi, huamua kwamba mwanga umezidi, kisha hupunguza. Ukuta mweupe hushuka hadi kijivu, na uso uliokuwa mweusi kwa kiasi chake hushuka nao hadi macho yasionekane. Mpiga picha hukimbilia kompyuta na kupandisha mwanga wa picha nzima. Ukuta hurudi kuwa mweupe, uso huwa wa majivu, na picha sasa ina kosa jipya, kwa sababu wapo wanaokataa picha yoyote iliyochezewa kwenye kompyuta.

Njia sahihi ni kuipimia kamera mwanga wa uso wenyewe, kuiamuru iongeze badala ya kupunguza, na kuweka taa mbili pembeni badala ya flashi moja mbele. Njia ya bure ipo nje. Siku ambayo Mbeya imefunikwa na mawingu kutoka mlima Loleza, mbingu yote huwa taa moja laini isiyotupa kivuli, na shuka nyeupe chini ya upenu wa nyumba hutoa picha safi kuliko ya studio. Studio hazipendi njia hiyo. Nje hakuna pa kutundika koti.

Ni rahisi kumcheka mpiga picha wa Mwanjelwa, lakini hakuitengeneza kamera yeye. Maabara za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi. Lorna Roth, mtafiti wa Canada, ameandika kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia katika filamu za Kodak ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu.

Kompyuta zimeurithi ugonjwa huo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionesha kwamba programu za kutambua jinsia kutokana na uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, na si zaidi ya asilimia 0.8 kwa wanaume weupe. Mwaka 2020 BBC ilijaribu kikagua-picha cha paspoti cha mtandaoni cha serikali ya Uingereza: picha za wanawake weusi ziliambiwa hazifai kwa asilimia 22, za wanaume weupe kwa asilimia 9. Mwombaji wa Uyole aliyelipa nauli ya kwenda na kurudi hana pa kuidai tofauti hiyo ya asilimia 13. Risiti ya basi haina sehemu ya kuandika sababu.

Baada ya mwanga huja vipimo. Marekani hutaka mraba wa milimita 51, na kichwa kati ya 25 na 35 kutoka kidevu hadi utosi. Nchi za Schengen hutaka 35 kwa 45, uso ukijaza asilimia 70 hadi 80. China hutaka 33 kwa 48. Kwa makazi ya kudumu, Canada hutaka 50 kwa 70, pamoja na jina na anwani ya studio nyuma ya picha, sharti linalosumbua pale ambapo anwani ni mkabala na stendi, uliza mashine ya kusaga.

Iringa ina uzoefu wa zamani zaidi wa kupimwa vichwa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipofariki mwaka 1898, Wajerumani walichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliipa Ujerumani miezi 6 kukabidhi fuvu hilo kwa Waingereza. Lilifika Kalenga Juni 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua kati ya mafuvu mengi katika jumba la makumbusho la Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na wapo wanaotilia shaka uchaguzi huo hadi leo. Miezi 6 ndiyo pia umri wa juu wa picha inayoambatanishwa na maombi ya viza ya Marekani. Mwombaji akiupitisha kwa wiki moja, hurudishwa. Ujerumani iliupitisha kwa zaidi ya miaka 30.

Makosa yaliyobaki ni mafupi. Miwani haivaliwi katika picha za viza ya Marekani tangu 1 Novemba 2016. Hijabu huruhusiwa, mradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji. Picha ya bahati nasibu ya grini kadi isizidi kilobaiti 240, na kutumia picha ya mwaka jana huondoa mshiriki. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupunguzwa ubora njiani, kwa hiyo itumwe kama faili. Mtoto mchanga alazwe juu ya shuka nyeupe na apigwe picha kutoka juu, na mkono wa mama usionekane.

Nakala zinazobaki zisitupwe. SACCOS, kwaya na fomu za kujiunga na chuo hupokea picha ya saizi yoyote, hata yenye koti.