Jinsi ya Kuliokoa Bango la Sinema Bila Kulimaliza

Anza kwa kuitoa selotepu mezani. Kisha itoe chumbani, na ukiweza itoe nyumbani kabisa, umpe mtoto wa jirani afungie madaftari yake. Hakuna kilichoharibu mabango mengi ya zamani kwa nia njema kama kijikanda hicho. Baada ya miaka plastiki yake hukauka na kubanduka, lakini gundi hubaki ndani ya karatasi, ikageuka kahawia na kupenya hadi upande wa picha. Aliyeibandika alitaka kuziba mpasuko mmoja. Leo mpasuko upo palepale, na doa juu.

Toa na pasi. Toa gundi ya mbao, toa dawa ya kung'arishia nguo, na yule shemeji anayesema ana mashine ya kupaka plastiki kwa moto mpe chai, azungumze, aondoke na mashine yake.

Sasa leta bango. Tuseme ni la *Hatari!*, filamu ya Howard Hawks yenye John Wayne, iliyopigwa Tanganyika kabla ya uhuru na kutoka mwaka 1962. Bango la kawaida la sinema la Marekani wakati huo lilikuwa na inchi 27 kwa 41, yaani karibu sentimita 69 kwa 104. Mabango hayo yalikunjwa kabla ya kutumwa: mikunjo mitatu ya kukata upana na mmoja wa kushuka katikati, vipande vinane. Kampuni ya National Screen Service ndiyo iliyoyasambaza mengi yake, na ukitazama ukingo wa chini utakuta namba inayoanza na tarakimu mbili za mwaka. Hakuna aliyefikiri yangeishi. Yalibandikwa nje ya sinema kwa siku chache, yakapelekwa sinema nyingine, mwisho yakatupwa. Ndiyo maana yalichapwa kwenye karatasi rahisi ya mbao iliyosagwa, yenye lignini inayoigeuza njano na asidi inayoifanya ivunjike. Na huvunjika kwanza kwenye mikunjo, hasa pale mikunjo miwili inapokutana, ambapo mara nyingi utakuta tundu.

Kazi yako ni kulipa bango hili mgongo mpya, na mgongo huo uwe wa namna ambayo fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kuuvua kwa maji tu, bila kukulaani. Hiyo ndiyo sheria. Mengine yote ni jikoni na subira.

Usianze na *Hatari!*. Nunua kwanza bango bovu la filamu isiyotafutwa na mtu, la umri uleule na karatasi ileile, ulichafue, ulichane, ulijaribie kila kitu. Ukilimaliza, nunua jingine. Asiyekubali kuharibu mabango yasiyo na thamani ataharibu yenye thamani, nami nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mabango hayo hayachapwi tena.

Geuza bango utazame mgongo. Wasambazaji walikuwa wakiandika jina la filamu nyuma kwa kalamu au kugonga muhuri, na wino huo ni mwepesi kuyeyuka kuliko ule wa picha. Weka tone la maji kwenye kila rangi, mbele na nyuma, mahali pasipoonekana, kisha gandamiza kwa karatasi nyeupe ya kukaushia. Rangi ikihamia kwenye karatasi, acha. Bango hilo ni la fundi mwenye maabara. Wino wa uchapaji wa ofseti kwa kawaida hustahimili maji. Muhuri mwekundu wa nyuma mara nyingi haustahimili.

Vumbi liondoe likiwa kavu, kwa brashi laini na unga wa raba iliyokwanguliwa, ukitoka katikati kwenda pembeni ili usikamate mpasuko ukaurefusha. Ukiruka hatua hii, maji yatayageuza mavumbi yote kuwa tope, na tope likishaingia katika nyuzi za karatasi halitoki.

Gundi ndiyo roho ya kazi. Usipike unga wa ngano. Unga una gluteni, na gluteni hukaza na kubadilika rangi. Unachotaka ni wanga wa ngano mtupu. Chukua kipimo kimoja cha wanga kwa vitano vya maji yaliyokenekwa, weka moto mdogo, ukoroge nusu saa au zaidi bila kuacha mwiko hata kama simu inaita. Utauona ukibadilika kutoka weupe wa chokaa hadi ung'avu. Uache upoe, uupitishe kwenye chekecheo laini mara mbili, ndipo uuzimue kwa maji hadi uwe kama uji wa mgonjwa. Hauna dawa ya kuzuia kuvu, kwa hiyo katika joto la Tanga au Mombasa upike wa kutosha kazi ya siku hiyo tu.

Karatasi ya mgongo ni ya Kijapani, ya nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforsadi. Nyuzi zake ni ndefu mno, hivyo karatasi nyembamba ya kupenyeza mwanga hubeba bango zima. UNESCO iliiweka sanaa ya kuitengeneza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na ukiichana mara moja kwa mkono utajua kwa nini. Wakusanyaji wengi hupendelea kuongeza kitambaa nyuma. Mimi nasimama na karatasi: ni nyepesi, inaingia kwenye fremu bila kusukumana, na haiwekei bango alama za ufumaji.

Lalisha bango kifudifudi juu ya plastiki ngumu ya poliesta, ulinyunyizie maji polepole hadi lilegee. Hapa usikimbie. Karatasi iliyolowa hutanuka, zaidi katika upande unaokata nyuzi zake, na usipoisubiri itanuke yote itakunjamana ndani ya gundi. Sogeza kingo za mipasuko zikutane. Paka gundi kwenye karatasi ya Kijapani, iwe imezidi bango kwa sentimita tano kila upande, inyanyue kwa rula ndefu, ishushe kuanzia ukingo mmoja huku mwenzako akiipangusa kwa brashi pana kavu. Kazi hii inataka watu wawili, na wawili hao wasiwe wamegombana asubuhi.

Kisha gundisha ule ukingo uliozidi kwenye ubao mkubwa laini uliopakwa vanishi, uache nafasi ndogo ya kuingiza kisu baadaye. Karatasi ikikauka husinyaa, na kusinyaa huko ndiko kunakonyoosha mikunjo. Usiweke juani wala mbele ya feni: upande mmoja ukiwahi kukauka, bango litapasuka lenyewe usiku. Liache wiki mbili. Wakati wa masika usianze kabisa, kuvu litakutangulia.

Rangi za maji zitie kwenye matundu peke yake. Ukivuka hata milimita moja na kuipaka picha ya asili, umeacha kutengeneza, umeanza kuchora la kwako. Mwishowe andika kwa penseli kwenye mgongo mpya: mwaka, aina ya gundi, na mahali ulipojaza rangi. Ukiliuza, mwonyeshe mnunuzi maandishi hayo kabla hajatoa pesa.