Maji Yakiruhusu

Watu wa Dar es Salaam wakichoka sana huambiwa waende kisiwani wakapumzike. Zanzibar wameshaimaliza, hasa mitandaoni, kwa hiyo siku hizi mtu huelekezwa Mafia. Kwa ndege ndogo ni kama nusu saa. Sisi wa kusubiri mwisho wa mwezi tunapanda basi hadi Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, halafu boti mpaka Kilindoni. Ukishuka Kilindoni ndipo unapojua kuchoka ni nini, na kwamba ulikokimbia ulikuwa mzima kabisa.

Jambo ambalo matangazo ya utalii hayasemi ni kwamba kisiwa kile kina bosi, na bosi mwenyewe ni maji. Tulifikia Utende, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Jioni nikamfuata nahodha tupange safari ya kisiwa cha Chole.

"Shikamoo, mzee. Kesho tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Maji yakijaa."

"Yanajaa saa ngapi?"

"Leo yamejaa saa 4. Kesho yatachelewa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akanitazama kwa huruma. "Utamuuliza mwezi."

Mzee hakuwa anatania. Mwezi huchelewa kila siku kwa karibu dakika 50, na maji huufuata. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huja bamvua: bahari inajaa kupita kiasi, kisha inapwa mpaka mashua zinalala ubavu. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3.

Chole tulikwenda kuona popo, wale wakubwa wala matunda, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita 1. Mchana huning'inia mtini, lakini hawalali kama tulivyosomeshwa. Wanagombana, wanajipepea, wanasogezana matawini. Mke wangu alisimama chini yao akipiga picha, nami nikamshikia mkoba. Mwongozaji wetu alisimama mbali, chini ya mti mwingine usio na popo, akitutazama kwa adabu zote. Embe lililoliwa usiku likatufikia mchana.

"Hapo huwa hatusimami," alisema, tulipokwisha kujifuta.

Kwa sababu ya kunawa, tulirudi maji yakiwa yameshaondoka. Mashua ikakwama mbali na ufuko, tukashuka kwenye matope, mizigo kichwani. Hatua chache tu, tope likavuta ndala yangu ya kushoto, likaimeza. Niliinama nikitafuta kwa mkono. Pembeni walikuwa wakipita akina mama waliotoka kuchokoa pweza mwambani, wanatembea wepesi kana kwamba pale pana lami.

"Mgeni, umepoteza nini?"

"Ndala, mama."

"Ipi?"

"Ya kushoto."

"Basi nenda kapumzike. Maji yakijaa yataileta."

Wakacheka mpaka ufukweni. Ndala ya kulia nilirudi nayo Dar, na hadi leo ipo chini ya kitanda.

Siku ya papa potwe ilikuwa kubwa zaidi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kati ya Oktoba na Machi huonekana karibu na Kilindoni, akifuata viumbe vidogo vidogo vinavyoelea majini. Hali mtu. Hilo nilielezwa mara nyingi, na kila mara nikaomba kuelezwa tena. Nikavaa miwani ya kuzamia, nikajitosa. Miwani ikajaa maji. Nikapanda, nikaimwaga, nikajitosa tena. Ikajaa.

Kijana wa boti akanikagua uso. "Kaka, tatizo ni masharubu. Miwani haikamati ngozi, maji yanapita kwenye nywele."

"Dawa yake?"

"Mafuta ya mgando. Au wembe."

Mke wangu, ambaye amekuwa na ugomvi na masharubu hayo tangu uchumba, akauliza kwa haraka isiyo ya kawaida kama wembe upo. Nilichagua mafuta. Niliyapaka kwa wingi, nikazama nikiwa nang'aa. Potwe akaja, mgongo wenye madoa meupe, mdomo wazi ambao ningeingia hadi mabegani, akanitazama kwa jicho la karani anayetaka kufunga dirisha. Akapita. Tuliagizwa tusimguse, na sijawahi kutii agizo kwa moyo mweupe namna ile.

Usiku nikasema sasa nalala. Komba akapanda paa la makuti akaanza kulia kama mtoto mchanga.

"Baba watoto, amka! Mtoto wa watu analia juu!"

"Ni komba huyo."

"Sasa analilia nini?"

Pwani yote inajua komba anavyopenda tembo la mnazi, nikamwambia huenda mgema leo hakuacha kitu. Hakuridhika. Tulikaa macho mpaka alfajiri tukimsikiliza mlevi asiye na kilevi.

Siku ya kurudi, boti haikuondoka. Upepo, wakasema, na maji. Simu ikaita: mkuu wangu wa kazi.

"Kesho saa 2 una kikao. Utakuwepo?"

"Maji yakiruhusu, mkuu."

Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Hayo maji yana cheti cha daktari?"