Shajara ya Mpima Slaidi

Jumatatu
Ukumbi uko Soweto, Mbeya, karibu na barabara ya Tunduma. Kazi yangu ni kukaa nyuma na fomu niwapime maofisa ugani wanavyowasilisha: sauti, macho kwa wasikilizaji, slaidi, muda. Mratibu anataka kanuni ya Guy Kawasaki: slaidi 10, dakika 20, herufi zisipungue pointi 30. Kawasaki aliwaandikia waombaji mitaji. Sisi tuna mnyauko wa viazi. Wa kwanza kaja na slaidi 43, akaahidi kupita harakaharaka. Fomu haina kipengele cha ahadi.

Jumanne
Mwasilishaji kasema "itifaki imezingatiwa", kisha akawataja wote, akianza na mgeni rasmi, ambaye hajafika. PechaKucha, iliyoanzia Tokyo mwaka 2003, ni slaidi 20 kwa sekunde 20 kila moja: dakika 6 na sekunde 40, unakaa. Muda huo sisi bado tunaipigia makofi meza kuu. Lori likapita, akanyamaza. Likapita jingine. Sauti: 3. Lori lilistahili 5.

Jumatano
Mapazia yamefungwa ili projekta ionekane. Kwenye "macho kwa wasikilizaji" nimejaza kwa kukisia. Jedwali la bei za mbolea lilikuwa na herufi ndogo mno. Mzee wa mbele akasogea asome, kivuli chake kikafunika mbolea yote.

Alhamisi
Umeme umekatika. Bibi shamba kafunga kompyuta, katoa kiazi mkobani, kakikata katikati, kakiminya. Kwenye lile duara la ndani ukachuruzika ute mweupe. "Hiki msikipande, wala msimpe jirani mbegu," akasema, akifuta kisu kwa spiriti, maana kisu nacho husambaza mnyauko. Kiazi kikazunguka mkono kwa mkono chini ya tochi za simu. Maswali yakaanza, tangu Jumatatu lililoulizwa ni saa ya chai tu. Nikampigia mratibu kuhusu kipengele cha slaidi.
"Usiache wazi, kaka, jumla itagoma. Weka 1."
Nimeweka.

Ijumaa
Wa slaidi 43 kaongoza. Fomu inauliza kama slaidi zipo, na zilikuwepo. Bibi shamba kashauriwa aboreshe slaidi. Mgeni rasmi kafika saa nane, kahutubia hadi saa tisa na nusu. Mratibu kaninong'oneza nisimpime. Nimeulizia kile kiazi kilichobaki mezani jana. Mpishi hajui. Mchana tumekula chipsi.