Ukuta Kwanza

Pita Goba, Madale au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, uone viwanja ambavyo nyumba bado iko kwenye lenta lakini ukuta umeshapanda futi 8, geti la chuma limepakwa rangi ya dhahabu na juu vipande vya chupa vimesimikwa kwenye zege. Msingi wa ukuta huo umesogea barabarani kidogo, hatua moja tu jamani. Na kwa kuwa jirani wa ng'ambo naye kasogea hatua yake, njia imebaki ya bodaboda. Siku shimo la choo likijaa, lori la majitaka husimama kona ya mbali na kuunga mpira juu ya mpira, mtaa mzima ukipata habari kwa pua.

Mtu atasema wezi wapo. Wapo, tena wengi, na hakuna anayetaka mwenzake aibiwe televisheni. Ila mwizi akisharuka, ni ukuta huohuo unaomficha asionekane na mpita njia. Kenya, baada ya shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, ilihimiza Nyumba Kumi, utaratibu ambao Tanzania iliujua tangu enzi za chama cha TANU: ulinzi wa majirani wanaofahamiana. Sisi jirani tunamjua kwa mlio wa honi yake getini. Basi ndugu mjenzi, ukirudi saiti kesho, pima upya ile hatua moja. Gari la zimamoto nalo lina upana wake.