Sifa za Kamba ya Barieri

Watu husifu madaraja, minara na sanamu za mashujaa, lakini kamba iliyotandwa barabarani hawaitaji ila wanapoilaani. Huko ni kuidhulumu. Kwenye barabara ya taifa namba 4, kutoka Beni, mashariki mwa Kongo, kwenda Oicha na kuendelea hadi Eringeti, hakuna chombo cha dola kilichofanya kazi kwa bidii na kwa gharama ndogo kama hicho. Itazame kwa karibu: uzi wa nailoni wenye mafundo kila mahali ulipokatika ukaungwa, ncha moja imefungwa kwenye mti, nyingine iko mkononi mwa mtu aliyeketi kivulini juu ya kidumu; katikati vimening'inizwa vipande vya mfuko wa plastiki ili dereva wa lori la mbao asiipitie bila kuiona. Haina injini, hainywi mafuta, haigomi kwa ajili ya mishahara ya miezi iliyopita. Umeme huchelewa na lami huchelewa zaidi, ila kamba hutangulia.

Tena ni ya ukoo mkubwa. Wabelgiji walimtaka Mkongomani awe na kibali ndipo akae nje ya eneo lake zaidi ya siku 30, na katika miji yao Mwafrika hakutakiwa kuonekana usiku kwenye mitaa ya Wazungu. Mobutu akafika hadi kabatini: mwaka 1972 majina ya ubatizo yalipigwa marufuku, suti na tai vikafuata mkondo huohuo, mwanamume mwenye heshima akawa yule aliyevaa abakosti, koti lisilo na tai. Tai ilisamehewa Aprili 1990, na nchi haikuporomoka kwa sababu ya shingo za watu. Kila utawala umeingia na marufuku zake na kutoka nazo. Kamba peke yake ndiyo inayorithiwa, kwa maana haina itikadi. Yeyote aliyeshika ncha yake anakuwa serikali.

Lakini kipaji chake kikubwa, ambacho wanasheria wetu hawajakipa haki yake, ni kuwachambua raia bila kuwauliza swali. Kamba humsimamisha yule tu anayekubali kusimama. Mauaji yalipoanza kuikumba Beni na vijiji vyake Oktoba 2014, kafyu iliwekwa. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri zikaingia katika utawala wa dharura wa kijeshi, viongozi wa kiraia wakawaachia viti wanajeshi na polisi. Mwezi uliofuata mabomu yalilipuka mjini Beni, moja likiwa kanisani, na wakazi wakaamriwa kujifungia siku mbili, shule, masoko na makanisa yakafungwa. Mara kwa mara pikipiki zimekatazwa kutembea giza likiingia. Wataximani walitii, kwa kuwa wana namba za usajili, wana nyumba zinazojulikana na wana pikipiki inayoweza kunyang'anywa. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 24 Oktoba 2023, Oicha ilivamiwa na watu wasiopungua 26 wakauawa. Mbele ya makaburi hayo dhihaka inyamaze. Hoja hainyamazi: wanaokuja kuua hupita msituni na katikati ya mashamba ya kakao, hawapangi foleni. Amri inayotegemea utii humbana mtiifu, na kadiri alivyo mtiifu ndivyo inavyombana. Mwenye uchungu wa uzazi saa tatu usiku anahesabiwa pamoja na washukiwa. Mwenye bunduki aliye porini hahesabiwi.

Wapo watakaosema hapa kwamba mwandishi anacheza na damu za watu. Aliyeuawa hana uhuru wowote wa kutembea, na serikali iliyokaa kimya baada ya msiba kama ule ingelaumiwa kwa haki. Nakubali yote mawili. Mabomu yameingia mjini, na mfuko ulio mgongoni mwa abiria ni halali kufunguliwa. Askari anayeufungua mchana wa jua kali, akatazama ndani, akamrudishia mwenyewe na kumtakia safari njema, anastahili shukrani. Tena Katiba ya 2006 yenyewe, baada ya kutoa uhuru wa kutembea katika ibara ya 30, inaufunga kwenye masharti ya sheria, wala haikuuweka katika orodha ya ibara ya 61 ya haki zisizoguswa hata nchi ikiwa katika dharura. Uhuru huu basi unaweza kupunguzwa. Kinachobaki kuulizwa ni unapunguzwa na nani, kwa muda gani, na ili kuzuia nini.

Hapo ndipo kamba inapoonyesha ufundi wake, kwa kuwa imepata jibu moja rahisi kwa maswali yote matatu: noti. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walichora ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu mbili, wakahesabu 798, vya jeshi, vya polisi, vya watoza kodi na vya makundi yenye silaha. Atakayesema kwamba ni faranga chache tu, asiyezitoa ni nani, afikirie gunia la kakao. Kila kamba inamega kidogo: mnunuzi anamkata mkulima bei kufidia njia, naye mkulima hana kamba ya kumtandia mtu mwingine. Na zaidi ya hasara hiyo, faranga chache huipa marufuku maisha marefu. Amri isiyoingiza kitu hufa yenyewe, ikichokwa hata na waliotumwa kuisimamia. Inayolisha familia ya anayeisimamia haitakosa mtetezi. Pia inabadilika sura. Pikipiki inayopita baada ya saa iliyokatazwa kwa sababu imelipa haikukatazwa, imetozwa. Bomu halipungui mlipuko kwa kuwa aliyelibeba ametoa noti. Wenye dhihaka kuliko mimi wangesema kwamba ibara ya 30 sasa ina bei, na bei hupanda jua likishuka.

Nisieleweke kwamba nataka kamba ikatwe. Mtumishi wa namna hii huwa anapandishwa cheo. Ipewe matrikule kama watumishi wengine wa dola, ipewe mshahara ili isiokoteze njiani, na kila inachopokea ikitolee risiti yenye muhuri. Amri inayoitanda ibandikwe hapohapo kwenye mti, kwa Kiswahili na Kinande, ikitaja aliyesaini, saa inapoanza na saa inapokoma, na kwamba mgonjwa na mwenye uchungu wa uzazi hawahusiki. Kuhusu tarehe ya kustaafu hakuna haja ya kuunda tume. Ibara ya 144 imekwisha kupanga kwamba dharura inadumu siku 30, na baada ya hapo Bunge liombwe kila siku 15. Utawala wa kijeshi umekuwa ukiongezewa muda kwa mtindo huohuo tangu ulipotimiza siku zake 30 za kwanza. Kwa kamba tunaweza kuomba kanuni hiyohiyo, na tofauti moja: anayetaka kuiongezea siku 15 aje Oicha kuomba, kwa pikipiki, baada ya saa kumi na mbili jioni.