Betri Haina Habari Kwamba Gari Limeshuka Bei

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8, ndiyo maana magari mengi ya kifahari yanayoteremshwa Mombasa huwa yanaukaribia mpaka huo. Mwenye gari wa kwanza, huko Uingereza au Japani, amekwisha kuimeza hasara kubwa. Mamlaka ya Mapato, KRA, nayo hupunguza thamani ya gari kulingana na umri wake kabla ya kupiga hesabu ya ushuru. Basi mtu wa Kileleshwa, Nairobi, anapata BMW X5 kwa pesa ambazo, ikiwa mpya, zisingemnunulia hata nusu yake. Hapo anashangilia, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Gari limeshuka bei, lakini betri yake haina habari. Tembo akinunuliwa mnadani kwa bei ya mbuzi, bado atataka majani ya tembo. Ninavyoona mimi, kilio cha bei ya betri si kilio cha betri hata kidogo: ni gari kumkumbusha mwenyewe kwamba liliundwa kwa ajili ya mfuko wa mtu mwingine.

Tuanze na duka. Betri ya Probox utaipata Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwa kitu kama shilingi 10,000. Fundi anafungua boneti, analegeza nati mbili kwa spana, anafunga mpya, na betri kuukuu inabaki dukani kwa sababu risasi iliyomo ndani ni pesa. Ile ya X5 ni ya aina inayoitwa AGM, ambayo asidi yake imenyonywa na nyuzi za kioo badala ya kuchezacheza kama maji. Inahitajika hivyo kwa sababu injini yenyewe hujizima kila gari linaposimama, kisha hujiwasha tena. Kwenye jamu ya Waiyaki Way jioni, gari la namna hiyo linaweza kujizima na kujiwasha mara nyingi kabla halijafika Kangemi, huku kiyoyozi, skrini na redio vikiendelea kunyonya. Betri ya kawaida haikuumbwa kwa adhabu hiyo. Iliyoumbwa kwayo hupita shilingi 30,000 kwa urahisi, na hapo fundi bado hajataja pesa yake.

Na fundi ana haki ya kuitaja, kwa sababu kwanza lazima aitafute betri yenyewe. Kwenye X5 betri imo kwenye buti. Kwenye Porsche Cayenne nyingi imekaa chini ya kiti cha mbele, na kiti hicho husogezwa kwa umeme. Fikiria vizuri: betri imekufa, ili uitoe ni lazima usogeze kiti, na ili usogeze kiti unahitaji betri. Wajerumani walilijua hilo, wakaacha ncha za kuchomekea jampa chini ya boneti, ila hawakumwachia habari hiyo askari wa geti anayeitwa kusaidia saa kumi na mbili asubuhi. Kusukuma nako hakusaidii. Matatu ya gia za mkono vijana wanne wataisukuma hadi iwake. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na mara nyingi bila umeme halikubali hata kutoka kwenye P.

Wapo wanaosema huu wote ni wizi mtupu, hasa ile ada ya kuitambulisha betri mpya kwa kompyuta ya gari. Wana haki nusu. Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa mwenye skana, na wapo wanaoitoza kama upasuaji. Lakini kazi ipo. Kompyuta ya X5 huchaji betri kulingana na uzee wake. Isipoambiwa kwamba mgeni ni kijana, itamlisha kama ilivyomlisha mzee, na kijana atazeeka haraka.

Wengine hujibu kwamba tajiri hahisi shilingi 30,000. Huenda, ila wengi wa wenye magari haya mitaa ya Lavington na Kilimani si matajiri, ni watu wenye mkopo. Tena hao ndio wanaoziua betri mapema. Gari lililoegeshwa likiwa limefungwa huendelea kunyonya umeme kwa ajili ya king'ora na kompyuta zake. Miliampia 50 tu, kiwango ambacho mafundi hukihesabu kuwa cha kawaida, kwa mwezi hufika saa-ampia 36, zaidi ya thuluthi ya betri ya 95. Ongeza kifaa cha kufuatilia gari walichofungiwa na benki, kisha safari yenyewe ya wiki iwe ni kutoka Lavington hadi Yaya Centre, kilomita chache ambazo altaneta haiwahi kurudisha kilichotumika. Betri ikifa, analaumiwa muuzaji wa Kirinyaga Road.

Kwa hiyo, Jumamosi ukienda yadi za Ngong Road na ukaonyeshwa X5 inayong'aa, usianze na sauti ya spika. Muulize muuzaji betri iko wapi. Akifungua boneti kukuonyesha, mshukuru na uende zako.